Nukta ya Mzee Seifu

Janki Natvarlal aliposhuka uwanja wa ndege wa Dar es Salaam Januari ya mwaka 1996, miaka saba tangu aje mara ya mwisho, alijua mama yake ataanza na suala la ndoa. Kumbe safari hii ndoa ilisubiri. Bi Harshida alimkumbatia, akampapasa mabega kuona kama huko Uingereza wanamlisha, kisha akamwambia kwamba Alpesh, mdogo wake Janki, anamwachisha kazi Mzee Seifu wa dukani.

"Lini?" Janki aliuliza.

"Ijumaa ndiyo siku yake ya mwisho. Nimesema mpaka nimechoka. Labda wewe atakusikia, maana wewe ndiye picha yake ya ukutani."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Janki alikuwa na miguu iliyovimba kwa kukaa kwenye ndege na macho mazito ya mtu ambaye hajalala, lakini kulala hakukuwezekana tena. Alikunywa chai ya mama yake, akabadilisha nguo, akashuka ngazi za fleti yao ya Mchafukoge na kushika njia ya dukani, Kariakoo, kwa miguu. Njiani alipotea mara mbili, yeye mzaliwa wa pale pale. Alipoondoka akiwa msichana aliiacha Kariakoo yenye milango iliyofungwa na watu waliopanga foleni ya sabuni. Sasa ruksa ya biashara ilikuwa imefungua kila kitu. Mitumba ilikuwa imemwagwa hadi barabarani, redio za Dubai zinagombana mlango kwa mlango, na machinga amepanga ndala hata mahali ambapo mtu alipaswa kukanyaga. Alifurahi kuona mji umeshiba. Alifurahi huku ana hasira na mdogo wake, na hilo linawezekana kabisa.

Sasa niwaeleze huyo Mzee Seifu ni nani, maana Alpesh ukimuuliza atakwambia ni mzee tu wa stoo.

Seifu, mzaliwa wa Gerezani, aliingia duka la khanga la Natvarlal, baba yake Janki, mwaka 1963, na kazi yake ilikuwa kuhesabu. Fedha alihesabu Natvarlal mwenyewe. Seifu alihesabu mali: marobota yakishushwa kwenye lori, na korija zikitolewa robotani, khanga ishirini ishirini. Alisimama kwenye kizingiti cha stoo na kipande cha chaki, makuli wakapita mbele yake na mizigo mabegani. Robota la kwanza likivuka hakusema "moja." Alisema "baraka," na ukutani akaweka nukta. La pili ndilo lililopata mstari, "mbili," la tatu mstari, "tatu," na kuendelea. Ndivyo alivyofundishwa na marehemu baba yake, aliyekuwa mhesabu nazi: kitu cha kwanza usikihesabu kama chako, umtajie Mungu. Natvarlal, Mhindu wa kuwasha udi kila asubuhi kabla ya kugusa kufuli, aliona jambo hilo lina akili, wala hakuuliza ni kwa Mungu yupi.

Na palikuwa na jambo la pili. Hesabu ikigoma, Seifu hakutafuta mwizi. Alisema "simama," na watu wakasimama, makuli na mizigo yao, wateja na maneno yao, Natvarlal na haraka zake. Kisha wakaanza upya tangu la kwanza. "Robota haliwezi kukosea," alikuwa akimwambia Janki, aliyekuwa mtoto wa miaka saba au minane akitoka shule na kukaa juu ya mzigo na chaki yake mwenyewe, akinakili kila mstari. "Tumekosea sisi. Tuanze upya." Mchezo huo Janki aliucheza mpaka alipofika umri wa kuona haya kukaa juu ya marobota. Alipofikisha miaka kumi na saba alipelekwa Uingereza kwa mjomba wake, akasoma fizikia, akabaki huko.

Miaka ya dhiki ilipokuja, stoo ikawa tupu kiasi cha kusikia panya wanakohoa. Seifu alikuja hivyo hivyo, kila siku saa mbili asubuhi, akafagia, akapangusa rafu ambazo hazikuwa na kitu. Natvarlal alipofariki mwaka 1988, ni Seifu aliyesimama kwenye mlango wa fleti siku tatu akiwapokea watu, na jamaa waliotoka Arusha na Nairobi walimdhania kuwa mtu wa ukoo. Hawakuwa mbali na ukweli.

Janki alimkuta amekaa kwenye kigoda chake kando ya kizingiti, kofia yake ya kiua imefuliwa mpaka imepoteza rangi.

"Shikamoo, Mzee Seifu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo? Huko hakuna wali?"

"Wali upo. Mpishi ndiye hayupo."

Mzee akacheka. Hakusema neno juu ya Ijumaa. Janki alipomuuliza habari za kazi, alitazama mikono yake, akasema taratibu, "Nimezeeka, mwanangu. Labda niliruka moja. Alpesh hana kosa, duka ni lake sasa."

Kuruka moja? Janki alikwenda kwa mdogo wake.

Alpesh alimpokea kwa furaha ya kweli, tusimwonee. Alimwita kila mtu aje amwone. Juu ya kaunta, pembeni ya picha ya Lakshmi, mungu wa mali wa Kihindu, palikuwa na picha kubwa ya Janki amevaa kofia ngumu nyeupe mbele ya jengo la duara. "Huyo ndiye dada yangu niliyewaambia," aliwaambia wateja wawili waliokuja kwa vitenge. "Yeye ndiye anayeendesha nyuklia Uingereza. Akikosea kidogo tu, nchi nzima kwisha." Janki alikuwa amemwandikia mara kumi kwamba haendeshi kitu na nchi haiwezi kwisha, lakini Alpesh aliipenda hadithi yake zaidi ya ile ya kweli.

Wateja walipoondoka, Alpesh alieleza. Wiki mbili zilizopita Vitalis, mwenye lori aliyewabebea mizigo tangu enzi za baba yao, alileta marobota themanini ya khanga. Seifu alihesabu mpaka adhana ya adhuhuri, akaenda msikitini kama kawaida yake. Filbert, karani mpya aliyetoka chuo cha biashara na kalkuleta yake, akapokea pale Seifu alipoishia. Mwishowe daftari lilisema sabini na tisa.

"Nikamwita Vitalis mwizi," Alpesh alisema, na sauti yake ikashuka. "Mbele ya makuli wake. Akaondoka bila kujibu. Mzee anarudi kutoka kuswali ananiambia tuhesabu upya, wakati wateja wa mikoani wameshapakia nusu. Nitahesabu nini? Ama Vitalis ameniibia, ama mzee amepoteza hesabu. Vyovyote vile siwezi kwenda namna hii, dada. Sasa hivi mzigo unakuja kwa makontena."

Janki alimwacha kwenye kaunta. Aliingia stoo. Ukutani, kwenye chokaa iliyojaa hesabu za miaka thelathini na mitatu zilizofutwa na kuandikwa tena, safu ya mwisho ilikuwa bado haijafutwa. Alimwita Filbert.

"Mambo, kaka Filbert. Hebu nioneshe daftari. Ulipopokea kwa mzee, uliandika ngapi?"

"Poa, dada. Hamsini na moja. Nilihesabu mara mbili, sikubahatisha."

Kweli hakuwa amebahatisha. Janki alipitisha kidole kwenye mistari, mmoja mmoja: hamsini na moja. Na mwanzoni kabisa, ndogo kama punje ya mtama, nukta. Marobota yalikuwa hamsini na mawili. Filbert alianzia pungufu, akamalizia pungufu, na hapakuwa na mwizi wala mzee aliyechoka akili.

Janki akakaa kwenye mzigo. Alikuwa ameshaiona nukta hiyo hiyo, mbali sana na hapa, na siku aliyoiona ilimtoa jasho jembamba.

Alimwita Alpesh na Mzee Seifu, akawaonesha wote watatu. Filbert akajishika kichwa. Mzee Seifu aliitazama nukta kwa muda, midomo ikimchezacheza. "Kwa hiyo sikuruka," alisema.

"Hukuruka, mzee."

Alpesh alikuwa amefumba macho. "Nimemtukana Vitalis bure," alisema. Lakini Alpesh ni mtu ambaye aibu ikimwingia hutoka ikiwa hasira, na alipofumbua macho hasira ilikuwa tayari. "Basi si ndilo ninalosema siku zote? Nukta. Nani duniani leo anahesabu kwa nukta? Filbert angejuaje? Mambo ya baba yalikuwa ya baba. Duka la siku hizi halitaki baraka ukutani, linataka namba. Pole, mzee, sina ubaya na wewe. Lakini Ijumaa iko pale pale."

Mzee Seifu aliitikia kwa kichwa. Unyenyekevu ule ndio uliomuuma Janki kuliko maneno ya Alpesh. Alitazama mlangoni, kule picha yake ilikoning'inia na kofia nyeupe, na akajua kwamba kama anataka mzee abaki itabidi aichafue kwa mkono wake.

"Alpesh, kaa," alisema. "Nikwambie hiyo nyuklia yangu ilivyo. Sijapata kumwambia mtu wa nyumbani."

Alpesh alikaa. Filbert alibaki amesimama na daftari kifuani.

"Mwaka juzi tulijaza kinu kipya cha nyuklia fueli kwa mara ya kwanza," Janki alianza. "Fueli yenyewe ni fimbo ndefu za urani zilizofungwa pamoja. Fungu moja peke yake limetulia, halina habari na mtu. Ila linatoa nyutroni, vitu vidogo mno visivyoonekana, na ukiyapanga mafungu karibu karibu, nyutroni za hili zinagonga lile na kuzaa nyingine. Zikizaana za kutosha, kinu kimewaka. Siku ya kupakia hatutaki kiwake. Kuwaka kuna siku yake, kwa ruhusa yake. Kwa hiyo maji ya kinuni yanatiwa dawa ya kumeza nyutroni, mafungu yanashushwa moja baada ya jingine, na lazima awepo mtu anayekaa na kuzihesabu nyutroni kila fungu linaposhuka. Huyo mtu ni mimi."

"Unazihesabuje kama hazionekani?" aliuliza Mzee Seifu.

"Kuna mashine inazisikia, mzee. Kila inaposikia moja inagonga, tik. Mlio unasikika ukumbi mzima. Fungu likishuka, wote tunangoja. Nahesabu dakika kadhaa, napiga hesabu yangu, naweka alama kwenye karatasi ya grafu: mafungu mangapi, nyutroni ngapi. Nyutroni zikiongezeka alama inakaa chini zaidi, kwa hiyo alama zinafanya mstari unaoteremka polepole. Ukianza kuteremka haraka kuliko ulivyopangwa, maana yake kinu kinataka kuwaka kabla ya wakati. Na yule wa grafu, hata awe mdogo kuliko wote, ana neno moja ambalo akilisema hakuna wa kumbishia. Simama."

Mzee Seifu aliinua uso.

"Siku ya kwanza asubuhi nilianza mimi. Fungu la kwanza likashuka. Nilikuwa na hofu, nataka nisikosee, na mtu mwenye hofu anahesabu kama alivyohesabu utotoni. Pembeni ya karatasi yangu niliandika nukta. Fungu la pili, mstari. Sikujua hata kama nimefanya hivyo. Mchana zamu ikaisha, mwenzangu akapokea karatasi. Akahesabu mistari."

"Dah," alisema Filbert kwa sauti ya chini.

"Kesho yake narudi, napokea hesabu kutoka kwake bila kuuliza, naendelea. Fungu likashuka, alama ikakaa chini kidogo ya mstari uliopangwa. Nikasema labda ni bahati. La pili, chini tena. La tatu, chini. Nyuma ya kioo kuna wageni wa serikali wamekuja kutazama, mkuu wa zamu ananiambia mahesabu yote ni salama, tusonge. Fungu linalofuata limeshainuliwa na winchi. Nikatazama zile alama tatu, na nilichokisikia kichwani haikuwa sauti ya profesa yeyote. Nikasema simama."

"Wakasimama?" Mzee Seifu aliuliza.

"Wote, mzee. Watu zaidi ya hamsini. Fungu likarudishwa mahali pake, wageni wakapelekwa kunywa chai. Nikawaambia tuanze upya tangu la kwanza. Saa tano nzima. Chumba cha pili kulikuwa na ubao mkuu wa mafungu, hatukuwa tumelinganisha. Ubao unasema sitini na moja, karatasi yangu inasema sitini. Kinu kilikuwa kimetulia muda wote. Mimi nilikuwa napanga nyutroni za mafungu sitini na moja kwenye sitini, ndiyo maana mstari ukapinda. Ikabaki swali, lile fungu moja limepoteaje kwenye karatasi? Wakaipitisha mkono kwa mkono. Mmoja akaiona nukta, akasema ni wino umedondoka. Wenzake wakakubali, na yule mwenzangu wa mchana ndiye aliyeanza kutazamwa vibaya."

Kidogo kilichobaki ndicho kilichokuwa kigumu, na Janki alikisema akimtazama mdogo wake.

"Ningenyamaza, Alpesh, hakuna ambaye angejua mpaka leo. Mwenzangu angebeba. Nilikaa kimya labda dakika moja, na hiyo dakika naionea haya mpaka kesho. Halafu nikasema, si wino, ni mimi. Nikawaeleza habari ya baraka, na stoo ya baba, na mzee Mwislamu wa Kariakoo aliyenifundisha kuhesabu. Nimeshajua kazi imekwisha."

"Wakakufukuza?" Alpesh aliuliza, ingawa picha ilikuwa ukutani na kofia kichwani.

"Mkuu wa zamu alisema asante. Alisema mara mbili, moja kwa kusimamisha, moja kwa kusema. Kesho yake utaratibu ukabadilika: hakuna mtu kuondoka zamu kabla hajaulizwa na anayepokea, hii alama ni nini, na hii, na hii. Basi. Nukta niliipata hapa, Alpesh, na ndiyo iliyonikosesha. Lakini kusema simama na watu wakubwa wamenikazia macho, hilo nalo nililipata hapa, na shule zote nilizosoma baadaye hakuna iliyonifundisha. Ukimfukuza yeye kwa nukta, ishushe na ile picha. Ni kosa lile lile."

Nje machinga alikuwa akiita wateja wa vyombo vya plastiki. Alpesh alikuwa anazungusha funguo kwenye kidole, akitazama sakafu, na uso wake, ambao kwa kawaida ni wa mtu anayejua anakokwenda, ulikuwa wa mtoto. Kwa muda Janki alidhani ameharibu: kwamba amejivua nguo mbele ya karani bila faida.

Alpesh alisimama. Alijipangusa suruali ambayo haikuwa na vumbi.

"Filbert," alisema, "kuanzia sasa mzee akienda kuswali, kabla hajavuka huo mlango unamuuliza kila alama. Hata kama unaijua."

"Sawa, bosi."

Alielekea mlangoni, akasita bila kugeuka. "Mzee Seifu. Jumatatu kuna kontena linashushwa. Saa mbili kamili, usichelewe."

Ijumaa haikutajwa. Ilichukua sekunde chache kwa kila mmoja kuelewa kwamba Jumatatu inakuja baada ya Ijumaa.

"Lini nimechelewa?" alisema Mzee Seifu.

"Sijasema umechelewa." Na Alpesh akatoka. Walimwona akivuka barabara bila kutazama redio wala ndala, anaelekea upande wa Mnazi Mmoja, kule Vitalis anakoegesha lori lake. Alikwenda kwa miguu, katika jua la saa nane, mtu mwenye gari, na Janki alimpenda mdogo wake wakati huo kuliko alivyowahi kumpenda. Wapo watu ambao kuomba radhi kwao ni kama kung'olewa jino, na wakienda wenyewe inabidi tuwashukuru mara mbili.

Filbert alirudi kaunta. Janki alijisogeza kwenye mzigo, mzee akakaa kando yake, wakatazama ukuta.

"Wewe uliwasimamisha watu hamsini," Mzee Seifu alisema, "kwa kitu ambacho hakionekani."

"Kwa hesabu yake, mzee. Nimekuja kukushukuru. Ningekuandikia barua, lakini niliona barua haitoshi. Kila nilicho nacho kule, kazi, heshima, hata ile nyumba yangu ndogo ya baridi, ukivuta uzi wake unaishia kwenye hiki kizingiti. Ulinifundisha, na sikuwahi kukwambia asante."

Mzee Seifu alivua kofia, akaikunja, akaikunjua tena. Alipozungumza alikuwa na sauti ya mtu anayekiri jambo.

"Mwanangu, nisikudanganye. Mimi sikujua kama nakufundisha. Mama yako alikuwa na mtoto mchanga, baba yako ana wateja, na wewe ulikuwa unalia unataka kwenda nyumbani. Ile chaki nilikupa ili unyamaze."

Janki alicheka mpaka akashika ubavu, halafu akalia, na mzee akampigapiga mgongo kama alivyokuwa akifanya zamani, akitazama pembeni ili asimwone.